Siku Niliyoficha Karatasi za Mama

Juzi nilipita karibu na Adelphi, mtaa tuliokulia huku ughaibuni, nikaona kibao cha kuingia Kaunti ya Montgomery, nikaikumbuka siku moja ya utoto wangu.

Alasiri ile nyumba yetu ilinuka vitunguu na sabuni. Mama alikuwa anakwenda kuanza kazi ya kutunza wazee. "Ni kaunti nyingine," alimwambia jirani, "lazima nivuke." Mimi nilijua kuvuka. Tulipotoka Kongo, baba alizuiwa mpakani na hatukumwona tena. Basi nikachukua karatasi za mama, zile za utambulisho, nikazikalia kwenye kochi ili asiende.

Mama alipekua kila mahali. Mwishowe nikalia, nikazitoa.

"Nilijua bila karatasi hawatakuvusha," nilisema.

Hakunipiga. Alinishika mkono tukatembea hadi kwenye kibao. "Mupaka ndiyo huu," akasema, akavuka, akarudi, akavuka tena.

Siku hizi najua kaunti hizo zinatofautiana kwa kodi, shule na rangi ya mabasi. Siku ile nilitazama huku na huku katikati ya kelele za magari, nikamwuliza, "Askari wako wapi?"

Mama akachuchumaa, akanikumbatia. Basi la kumpeleka kazini likatupita, naye hakuinuka kulisimamisha.