Mstari wa Penseli kwenye Mikroskopi ya Mzee Udaga

Siku yangu ya kwanza katika atelye, yaani karakana ya vyombo vya hospitali, hapa Bunia, Shefu wa atelye hakunipa turnevisi, yaani bisibisi. Alinipa kiti. Akaweka mezani mikroskopi ya shaba, ile ambayo vitabu vya shule huiita hadubini, kuukuu kuliko mama yangu mzazi, akaniambia niitazame mpaka saa sita bila kuigusa.

“Kutazama tu, Shefu?”

“Kutazama tu. Weye unatoka ku masini ya kushona, mikono yako inazoea kufungula. Leo utafungula macho kwanza.”

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, wakati kila mtu kazini alikuwa “sitwayeni”, yaani mwananchi, na majina ya ubatizo, kwa amri ya serikali, tumeyaacha nyumbani. Mimi nilibatizwa upya siku hiyo hiyo. Kwa kuwa nilikuwa nimetengeneza mashine za kushona miaka minne katika karakana ya masista, mafundi waliniita Mama Masini, na hapa mtaani kwetu Nyakasanza hata watoto wa shule hawanijui kwa jina jingine.

Basi nilitazama. Nikaona mrija wa shaba wenye lensi juu na chini, na chini yake meza ndogo ya kuwekea lamu, yaani kipande cha kioo chenye tone la damu. Ubavuni palikuwa na gurudumu kubwa la kupandisha na kushusha mrija, na gurudumu dogo la kuusogeza kidogo sana. Nyuma ya mrija niliona reli fupi yenye meno, ambayo mafundi waliiita kremayera, na pinyo, kijigurudumu chenye meno kinachotembea juu yake. Mrija wenyewe ulikuwa mzito. Saa sita nilikuwa na swali moja.

“Shefu, kwa nini hii mrija haishukake yenyewe?”

Akacheka mpaka miwani ikateleza. “Ile ni swali ya mutu wa kazi. Siku utapata jibu, kuya kuniambia.”

Laiti ningelilitafuta jibu lile siku ile! Nilicheka naye, nikalisahau, na kwa sababu hiyo mtu mmoja mwema karibu apoteze kazi na jina lake. Habari yake ndiyo ninayotaka kuwaachia ninyi vijana mnaofungua vyombo kabla ya kuvitazama.

Kwanza niwaeleze kazi ilivyokuwa. Kabla ya kufungua, tulichora umbo la mikroskopi juu ya kipande cha katoni, na kila visi, yaani skrubu, tuliyoitoa tuliichomeka mahali pake kwenye mchoro. Visi mbili zinaweza kufanana kama mapacha, lakini kila moja inajua shimo lake. Kisha tulitoa grisi ya zamani. Ikikaa miaka mingi juu ya shaba hugeuka kijani na kuwa ngumu kama sabuni kavu, na gurudumu hukataa kuzunguka. Tuliilainisha kwa esansi, petroli ya gari, tone kwa tone, tukaikwangua kati ya meno kwa kijiti cha mwanzi, maana chuma huacha mikwaruzo. Lensi ziliwekwa mbali kabisa. Esansi ikizifikia huyeyusha gundi iliyoshika vioo vyake, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia.

Nilitumwa Mahagi, nikatumwa ufukweni mwa ziwa, nikatumwa kwenye kambi za dhahabu. Katika kambi moja nilikuta wamepaka mawese kwenye kremayera. Nilipofungua, siafu walitoka kwa mstari kama wanafunzi baada ya kengele. Nilicheka siku mbili nzima. Sikujua kwamba zamu yangu ya kuchekwa iko njiani.

Mzee Udaga alikuwa laborantini, mpimaji wa damu, katika kituo kimoja cha afya upande wa njia ya Komanda. Alikuwa mtu wa kwetu, mrefu, mpole, mwenye kola safi hata siku ya matope. Kwa usomaji wa lamu hakuwa na mpinzani. Kabla ya kuandika “négatif”, kwamba hakuna mdudu katika damu, alipitia sehemu mia moja za lamu, na ili asipoteze hesabu alihamisha punje za mahindi kutoka bakuli moja kwenda jingine, punje moja kwa kila sehemu. Madaktari vijana walimtania. Yeye alisema mdudu wa homa hajui haraka ya mtu.

Mikroskopi yake ililetwa kwetu gurudumu likiwa limekaza kama jiwe. Shefu alikuwa safarini Mahagi, na kopo la grisi nzito lilikuwa tupu. Mimi nilikuwa na nini? Nilikuwa na chupa yangu ya mafuta ya mashine ya kushona, membamba, safi kama maji, ambayo hayakuwahi kuniangusha. Nikasafisha kila jino, nikadondosha mafuta yangu, nikarudisha kila visi. Gurudumu likazunguka kwa kidole kimoja! Nilifurahi mno. Nikaandika tarehe na jina langu kwenye kadi ya chombo, na Mzee Udaga alipokuja kuichukua aliniombea baraka.

Miezi minne ikapita. Siku moja Shefu aliniita.

“Mama Masini, enda kule kwa Muzee Udaga. Wanasema macho yake ilikufa. Iko anavunja lamu, na wagonjwa anaandika négatif wanarudia na homa. Munganga Mkuu anataka kumurudisha kwao. Ametuomba tuangalie chombo mbele ya kusaini barua ya kumufukuza.”

Nilikwenda na moyo mzito. Daktari aliyeongoza kituo, ambaye wote walimwita Munganga Mkuu, alikuwa kijana mwenye adabu na asiye na muda.

“Mama, mimi mwenyewe nilitazama ndani,” aliniambia. “Iko clair, wazi kabisa. Gurudumu inazunguka kama mupya. Kama chombo iko muzuri, sasa nani njo mubaya?”

Kusema kweli, nilikubaliana naye. Niliweka jicho, nikaona herufi ya gazeti imesimama wazi. Nikazungusha gurudumu, laini kama siku ile. Nikajisifu kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Kilichonizuia kuondoka ni lamu zilizovunjika. Mzee alizihifadhi zote katika boksi la dawa, na zote zilipasuka mahali pamoja, katikati, chini ya pale lensi inaposimama. Mkono unaotetemeka huvunja popote. Huu ulikuwa mkono gani unaolenga hivi?

“Muzee,” nikamwambia, “fanya kazi yako kama siku yote. Mimi nitakaa hapa.”

“Utaangalia muzee mwenye haone tena?” Alijaribu kutabasamu. “Haya, kaa, binti yangu.”

Nikachukua penseli, nikachora mstari mwembamba juu ya mrija, pale hasa unapoingia katika ala yake. Mzee akainama. Punje ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa ametulia kabisa. Kwenye punje ya thelathini hivi alijifuta jicho na kugusa gurudumu dogo. Kwenye arobaini alijifuta tena.

“Njo vile inaanzaka,” akasema kwa sauti ya chini. “Ukungu inakuya. Nazungusha, inaenda, inakuya tena. Macho yangu inakufa, Mama.”

Mimi nilitazama mstari wangu. Ulikuwa umeingia nusu ndani ya ala. Hakuna aliyeugusa mrija, nao ulikuwa unashuka wenyewe, kidogo kidogo, kwa uzito wake. Punje zilipokaribia themanini mstari ulikuwa umezama wote, na chini ya lensi tukasikia kitu kikilia tik. Lamu ilikuwa imepasuka katikati.

Jibu la swali langu la siku ya kwanza likanijia nimekaa pale. Mrija haushuki kwa sababu grisi nzito inaushika. Katika mashine ya kushona mafuta yana kazi moja, kukimbiza. Katika mikroskopi grisi ina kazi mbili, kutembeza na kusimamisha, na ile ya pili ndiyo kubwa. Munganga Mkuu alitazama kwa muda wa punje mbili, akaona wazi. Mzee alitazama kwa muda wa punje mia, na bidii yake ndiyo iliyomponza. Asiye makini angeendelea kuonekana mzima wa macho.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Sikusema kitu mbele ya Mzee. Nilifunga mikroskopi kwenye sanduku, nikarudi atelye, nikamweleza Shefu yote. Akasema kwa upole, kwa maana alinipenda:

“Tutaandika chombo ilizeeka. Muzee atabakia ku kazi, weye utabakia ku kazi. Hakuna mutu atauliza.”

Vijana, nilitamani sana kukubali. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na mume mgonjwa. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko zote. Chombo kikizeeka, huzeeka kwa miaka. Nani angejua ni lamu zipi zilisomwa katika ukungu? Tarehe ilikuwa kwenye kadi, kwa mwandiko wangu.

“Shefu, na lamu? Zilianza kudanganya siku gani? Mimi peke yangu njo najua.”

Shefu alikwenda kutafuta grisi ya beringi za gari, nami nikapanda lori hadi Komanda kununua nta kwa wauza asali wa msituni, kwa sababu grisi ya beringi peke yake ilikuwa bado nyepesi. Tuliyeyusha nta kidogo ndani yake, tukaipaka kwa kijiti, tukaipima kwa mstari wa penseli kutoka asubuhi hadi jioni. Mstari haukusogea.

Nilirudi kituoni, nikasimama mbele ya Munganga Mkuu na Mzee Udaga, nikasema: ni mimi, ni mafuta yangu, ni tangu tarehe hii. Munganga Mkuu aliichukua barua iliyokuwa mezani, akaichana. Mzee hakuitazama barua. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, na niliona hasira ikipita usoni mwake. Nilistahili.

“Miezi ine nilifikiri nakuwa kipofu,” alisema. “Ata muke wangu nilimuambia.” Kisha akainuka, akashusha kutoka rafuni masanduku ya lamu za miezi ile minne. “Kuya tuanze.”

Alisoma upya lamu zote ambazo hazikuvunjika, nami nikimhamishia punje za mahindi. Siku ya tatu aliita, “Mama Masini, weka jicho.” Miaka yote ile nilikuwa nimetazama herufi za gazeti tu. Nikaona chembe za damu, duara juu ya duara, na ndani ya mojawapo pete ndogo yenye nukta, kitu kizuri, na kilikuwa kinaua. Lamu tatu kati ya zile za “négatif” zilikuwa nacho. Wagonjwa wawili walipatikana, wakapewa dawa. Wa tatu, jamaa zake walikuwa wamehama, na habari zake sikuzipata hadi leo. Namwombea kila Jumapili bila kujua kama namwombea aliye hai.

Tangu hapo sikurudisha mikroskopi yoyote kabla ya kuchora mstari na kusubiri. Wenzangu walinicheka, kisha wakaiga. Mwishoni mwa miaka ya themanini mishahara ilikoma kufika, atelye ikafungwa, nikaendelea nyumbani kwa miaka mingi, mpaka vidole vilipokataa visi ndogo. Sasa nimestaafu kweli. Watu huniuliza ninajivunia nini, wakitarajia nitaje vyombo nilivyovifufua.

Huwa nawaambia habari ya kikaratasi. Mwaka mmoja baada ya mambo yale, mikroskopi ya Mzee Udaga ililetwa tena kwa usafi wa kawaida, na ndani ya sanduku aliandika kwa herufi zake nzuri: “Afungule Mama Masini peke yake.” Shefu alishangaa. Alipokutana naye sokoni akamwuliza kwa nini, wakati palikuwa na mafundi wengine wanne ambao hawajawahi kumharibia kitu.

“Njo maana,” Mzee alimjibu. “Wale wengine bado hawajakosa.”