Nilimwita Mgaya Mwizi wa Dizeli

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi pale Makambako, upepo ukivuma kama unavyovuma siku zote mahali pale, nami nimeinama kwenye tangi la lori na ufito wa mti wa muwati mkononi. Ufito ule niliuchonga mwenyewe, nikautia alama kumi kwa kisu, na kila tuliposimama niliutumbukiza tangini nione dizeli imeshuka kiasi gani. Asubuhi ile ulitoka umelowa hadi alama ya nne. Mwanangu, tulikuwa ndiyo kwanza tumefika nusu ya njia ya kutoka Iringa kwenda Mbeya, na zamani tangi lile lile lilitufikisha Mbeya na kubakiza.

Juzi ulinieleza kwamba gari ulilokabidhiwa linakunywa mafuta kuliko la mwenzako, na kwamba unamtilia shaka utingo wako. Tangu siku ile natafuta pa kuanzia kukujibu, maana habari hii inaanza na ujinga wangu mwenyewe, na mtu mzima huuzunguka ujinga wake kama kuku anavyozunguka jivu la moto.

Miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru, nilikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja wa nafaka pale Iringa. Nilikaa mtaa wa Mlandege. Barabara yote ilikuwa ya udongo, na kiangazi lori likipita unadhani kijiji kinaungua. Malori ya dizeli yalikuwa bado machache, mengi yakienda kwa petroli, kwa hiyo mimi niliyepewa la dizeli nilijiona mtu mkubwa. Nilifunzwa kuliendesha. Kulisikiliza sikufunzwa, wala sikuomba kufunzwa.

Utingo wangu aliitwa Mgaya, Mbena wa vijiji vya karibu na Makambako, mtu mzima aliyenizidi miaka kama kumi, mwenye mke na watoto watatu. Alikuwa mpole, mwimbaji wa kwaya kanisani kwao. Tulipopanda mlima yeye ndiye aliyeruka chini na gogo, akikimbia nyuma ya tairi ili lori likishindwa lisirudi nyuma na kutuua. Ukifikiri vizuri, mwanangu, roho yangu ilikuwa mikononi mwa mtu yule kila safari.

Sasa dizeli ilipoanza kupungua, tajiri wetu aliniuliza mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili bila upole. Nikaanza kuchunguza. Udadisi ni kitu kizuri, lakini una miguu miwili: mmoja unakwenda kwenye jambo, mwingine unakwenda kwa mtu. Wangu ulikwenda kwa mtu. Mgaya ndiye aliyekuwa akilala juu ya mzigo wakati mimi nalala chumbani. Nikajiambia, kikulacho ki nguoni mwako. Nikachukua uzi mwekundu, nikaufunga kwenye kifuniko cha tangi, nikaubandika kwa nta ya nyuki, nisimwambie mtu. Asubuhi niliukuta uzi mzima na nta haijaguswa. Mtu mwenye akili angemwondolea mwenzake shaka hapo hapo. Mimi nikasema, kumbe ni mjanja, amepata njia nyingine. Mtu akishaamua kwamba ameibiwa, hata uzi usiokatika anaufanya shahidi.

Ndipo ikaja asubuhi ile ya Makambako. Nilitoka kwenye tangi nikaenda moja kwa moja kwa mama muuza chai, ambako madereva na wachuuzi walikuwa wamejaa wakiota moto. Mgaya alikuwa amekaa kwenye benchi na kikombe chake. Nikamwita mwizi mbele yao wote. Nikasema anauza dizeli ya tajiri na kunitia mimi matatani.

Hakupandisha sauti. Aliweka kikombe chini akaniuliza, "Dereva, umeniona?"

Nikamjibu kwamba si lazima nimwone, tuko wawili tu kwenye lori lile, na mimi ninajijua.

"Basi nami najijua," akasema. Akapanda juu ya mzigo, akashusha blanketi lake, akalitupa begani, akashika njia ya kwao miguu kwa miguu, upepo ukimpiga ubavuni. Hakugeuka. Mama wa chai alikuja akaondoa kikombe alichokuwa amenimiminia, kabla sijakigusa. Kwa watu wa kule, mwanangu, hilo lilikuwa tusi la kutosha.

Niliondoka peke yangu. Nilijisemea kwamba sasa mwizi ameshuka, mafuta yatatulia. Nilipofika Igawa nikatumbukiza ufito. Nilipofika Chimala nikatumbukiza tena, kisha nikakaa kwenye jiwe kando ya barabara nikiutazama kama mtu anayesoma barua ya msiba. Dizeli ilikuwa imeshuka upesi kuliko siku zote. Nikalala chini ya lori nikapitisha kitambaa kwenye mabomba yote, nikaona pakavu. Hakuna mtu, hakuna tundu. Hapo ndipo swali lenyewe liliponijia kwa mara ya kwanza: basi inakwenda wapi?

Kutoka pale kupanda kuelekea Uyole lori lilitambaa. Nilitia gia ya kwanza mahali nilipozoea kupanda na ya tatu, na nyuma yangu moshi mweusi ulifunika barabara. Kila kilima nilimkumbuka mtu wa gogo, nikaomba Mungu. Nilifika Uyole mchana nikiwa nimemimina debe langu la akiba hadi tone la mwisho.

Pale Uyole alikuwepo fundi mmoja Mnyakyusa, mzee Ambakisye, aliyejifunza injini jeshini wakati wa vita ya pili ya dunia. Gereji yake ilikuwa kibanda cha mabati na shimo. Nilimweleza kwamba nina lori linaloibiwa mafuta na nataka anitengenezee kufuli ya kifuniko. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akijifuta mikono. Kisha akaniuliza moshi wake una rangi gani. Nikasema mweusi. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu kiangazi kianze. Akauliza tena, chujio la hewa nimelifungua lini? Nikacheka, nikasema hilo sijawahi kulifungua, kwani mimi si fundi.

Hakucheka. Alifungua boneti, akalegeza chujio, akaliweka mbele yangu juu ya gunia. Malori ya siku zile chujio lilikuwa kama sufuria lenye oili chini, ili vumbi linaswe mle hewa ikipita. Lile letu halikuwa na oili tena. Lilikuwa na tope zito jekundu, ungeweza kufinyangia chungu.

"Ziba pua yako," mzee akaniambia. Nikamtazama. "Ziba, kisha kimbia mpaka kwenye ule mti urudi."

Mwanangu, nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini nilikimbia. Nilirudi nahema, macho yamenitoka. Akanieleza kwamba dizeli haiungui peke yake, inaungua na hewa. Hewa ikikosekana, dereva anaona lori halina nguvu, anakanyaga zaidi, dizeli inamwagwa zaidi, nayo isiyoungua inatoka nyuma ikiwa moshi. Akanyoosha kidole barabarani nilikotoka. "Mafuta yako ni yale uliyoyatandika kutoka Chimala mpaka hapa. Mwizi amekuwa akikuaga kila mlima, nawe unamtazama kwenye kioo."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini papo hapo, sijui nikuambieje, nilitaka kujua zaidi. Nikamwuliza kama hilo ndilo peke yake. Nadhani swali hilo ndilo lililomlainisha mzee yule.

Akawasha injini, akachukua spana, akawa analegeza bomba moja moja la kupeleka dizeli kwenye silinda, na kunitaka nisikilize. La kwanza alipolilegeza, injini ilichechemea. La pili vile vile. La tatu alipolilegeza, sauti haikubadilika hata kidogo. Akasema, "Huyu halali njaa, lakini hafanyi kazi." Akazima, akaitoa nozeli, kile kipua kinachopuliza dizeli ndani ya silinda ile, akaifunga nje kwenye bomba lake, akaniambia nisogee na nisithubutu kuweka mkono mbele, maana dizeli ikitoka kwa nguvu ile inapenya ngozi. Akazungusha injini. Nozeli nzima, alinionyesha baadaye, inatoa ukungu mwembamba kama ule wa asubuhi milimani. Ile yangu ilidondosha matone kama mtoto anayetokwa udenda. Matone hayaungui vizuri. Yanapotea.

Kisha akazunguka lori akigusa magurudumu kwa kiganja. Matatu yalikuwa baridi, la nyuma kushoto lilikuwa la moto. Breki ilikuwa imeng'ang'ania. Nilikuwa nimeendesha miezi sijui mingapi huku mguu mmoja unasukuma na mwingine unazuia.

Alifanya kazi siku ile na siku iliyofuata, nami nikimshikia spana na kuuliza. Aliniuliza na yeye: hakuna aliyewahi kuniambia kwamba lori halisikiki vizuri? Alikuwepo. Mgaya, aliyekuwa akikimbia nyuma ya tairi na kumeza moshi ule, aliniambia zaidi ya mara moja kwamba lori linakohoa na kwamba moshi umekuwa mzito. Nami nilimjibu kwamba kazi yake ni gogo, usukani niachie mimi.

Nilimweleza mzee yote, pamoja na ule uzi na nta. Aliweka spana chini, akasema maneno ninayoyabeba hadi leo. "Kijana, mtu ulimtegea mtego. Injini hukuiuliza hata swali moja."

Nilijaza tangi, na nilipogeuza kurudi lori lilipanda kama limeshushwa mzigo, ingawa lilikuwa limejaa. Moshi ulikuwa mwepesi kiasi kwamba nilichungulia kwenye kioo nikidhani injini imezimika. Nilipofika Makambako nikatumbukiza ufito, ukatoka umelowa hadi alama ya saba. Ningefurahi. Sikuweza.

Niliacha lori kwa watu ninaowaamini, nikatembea hadi kwao Mgaya. Nilimkuta shambani na mkewe. Nikasema "Kamwene", salamu ya kwao, akaitikia, maana mtu mwungwana hamnyimi salamu hata adui. Nikamweleza nililolikuta Uyole. Nikapiga magoti pale kwenye tuta na kumwomba radhi.

Mkewe ndiye aliyeanza kusema. Alisema mumewe hajaenda kwaya tangu siku ile, kwa sababu habari ilifika kijijini kabla yake. Mgaya akachomeka jembe lake ardhini, akasema, "Hapa shambani hakuna aliyesikia ukiniita mwizi. Nenda ukaseme pale uliposemea."

Tukaenda wote, na mkewe pia. Nilisimama mbele ya benchi lile la chai, nikasema kwamba huyu si mwizi na hakuwahi kuwa, kwamba mimi ndiye niliyeshindwa kazi yangu, na kwamba aliniambia ukweli nikamdharau. Mama wa chai alitazama chini. Waliokuwepo siku ile si wote waliokuwepo siku hii, na hilo, mwanangu, sikuwa na la kulifanya. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mgaya hakurudi kazini kwangu. Alinisamehe, lakini alisema ameizoea tena nyumba yake. Ila kabla hatujaagana aliomba jambo moja: nimwonyeshe lile chujio. Nikafungua boneti, tukainama wote wawili, nikamweleza vumbi linavyonaswa na hewa inavyopita. Alisikiliza kama mtu anayesikia jina la ugonjwa uliomsumbua. Jumapili iliyofuata, nilisikia, alirudi kwenye kwaya.

Basi nasaha yangu ni hii. Wazee walisema mdhaniaye ndiye, kumbe siye. Gari lako likinywa mafuta, anza na gari lenyewe. Tazama rangi ya moshi. Fungua chujio, na wakati wa vumbi usingoje uambiwe. Sikiliza silinda moja moja. Gusa magurudumu ukisimama, lililo moto lina neno la kukuambia. Tairi lisilo na upepo wa kutosha nalo linakula. Na utingo akisema gari linakohoa, simama, maana yeye yuko upande ambao wewe huuoni. Ukishamaliza hayo yote na bado mafuta yanapungua, uliza tena, lakini uliza kwa siri na kwa haki, kwa maana nozeli ilibadilishwa kwa siku mbili, na jina la mtu halina spea.

Mungu akulinde kwenye miteremko, akupe sikio kabla hajakupa ulimi, na wale unaosafiri nao wakutaje kwa heri makwao. Nenda salama, mwanangu.