Sweta Kwenye Swichi ya Feni

Leo nimeponea chupuchupu.

Nilikuwa kiwanda cha majani chai huku Kangema, nikirekebisha waya za feni kubwa inayopuliza majani.

Swichi yake iko mbali, kando ya mlango. Nikaizima. Kufuli ya kuifungia mtu asiiwashe niliiacha Nyeri, kwa hivyo nikatundika sweta yangu hapo.

Niambieni ukweli: si huku kwetu ukiweka sweta mahali, kila mtu anajua hapo pana mwenyewe? Kanisani, hospitalini, kwa foleni?

Nikapitisha mkono katikati ya mapanga ya feni, nikaunganisha waya ya kwanza, nikautoa nichukue tepu.

Feni ikanguruma.

Jamani! Nilianguka chali.

Kugeuka, namwona mama anayepanga majani akija, anatabasamu, sweta yangu mkononi.

"Kijana wangu, ati unasahau sweta na hii baridi yote? Na hiyo feni nimekuwashia, nilipata mtu ameizima."

Mwili wote ulikuwa unatetemeka.

Akanivisha mwenyewe, akanifunga vifungo mpaka shingoni.

"Unaona sasa? Nilijua tu unasikia baridi."