Mwanafunzi Aliyechelewa Dakika Zilezile Kila Siku

Kuna mwanafunzi alinigeuza mpelelezi, mimi niliyeajiriwa kufundisha na kusikiliza watoto.

Kila siku ya Mungu aliingia shuleni saa mbili kasoro dakika kumi. Si tisa, si kumi na moja. Kumi.

Jamani, mtu anayechelewa kwa bahati mbaya anachelewa kwa ratiba?

Someni mpaka mwisho, maana aliyeumbuka humu ni mimi.

Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha. Wenzangu ofisini wananitania, wananiita Daktari wa Machozi. Mwanzoni mwa muhula mkuu wetu wa shule, mama asiyejua kupindisha maneno, aliniita.

"Fimbo zimeshindwa, kufyeka nyasi kumeshindwa. Wachelewaji thelathini na wawili! Nakupa muhula mmoja, nione hayo mazungumzo yako yana kazi gani."

Nikakunja mikono ya blauzi.

Kila mchelewaji nikampa daftari la asubuhi. Uliamka saa ngapi, ulitoka saa ngapi, ulipita wapi, ulifika saa ngapi. Halafu tunakaa wawili. Yeye anaongea, mimi kimya. Tunakubaliana hatua moja ndogo tu ya wiki hiyo, tunaiandika, anasaini, nasaini.

Mmoja akagundua anapoteza robo saa kutafuta soksi. Mwingine alikuwa anaogesha wadogo zake watatu peke yake. Nikaongea na baba yao, akaona aibu, akashika sabuni.

Wiki ya sita, thelathini na mmoja walikuwa wamenyooka.

Akabaki yeye.

Binti wa kidato cha pili. Mpole, wa pili darasani, viatu vinang'aa. Daftari lake lilisema anaamka saa kumi na moja, anatoka nyumbani saa kumi na mbili na dakika ishirini. Kwenye "ulipita wapi" aliacha patupu, kila siku.

Na kwao ni dakika kumi kwa miguu!

"Mwanangu, hapa katikati unakuwa wapi?"

"Njiani, mwalimu."

"Njia ya dakika kumi unaitembea saa moja na nusu?"

Akainama kufunga kamba ya kiatu.

"Tunayoongea hapa ni siri yetu," nikamwambia.

Akaniangalia jicho moja baya sana. Jicho la mtu anayesikiliza uongo na ana adabu ya kutosema.

Hapo nikaanza kumshuku rasmi.

Makamu wa mkuu ndiye aliyenichochea. Wanafunzi wanamwita Saa ya Ukutani. Zamu ya geti ni yake. Anafungua kufuli kwa ufunguo wake saa moja kamili, anasimama pale mpaka saa mbili kasorobo, mwisho wa kuingia, kisha anakwenda darasani. Kila mwanafunzi anayepita lazima amwamkie kwa sauti, mmoja mmoja. Aliuanzisha yeye utaratibu huo na sote tulimsifu.

"Huyo binti ana mwanamume," akaniambia. "Mimi nawajua hawa. Ijumaa hii nampa barua ya kuhama."

Nikashtuka. Shule nyingine ya karibu ipo mwendo wa saa mbili kutoka kwao, na mama yake ni mfuaji nguo. Akihamishwa, masomo ndiyo basi.

Lakini sikubisha. Makamu alionekana kumjua sana. Kila Ijumaa nilimpelekea mafaili ya ushauri asaini, taratibu za ofisi ndivyo zilivyo, na faili la binti alilisoma la kwanza. "Amesema nini wiki hii?" Nikaona ni bidii ya kazi.

Mimi jicho langu lilikuwa kwa fundi viatu mwenye kibanda mbele ya geti. Mara mbili nilimwona akimpungia binti mkono. Mzee mzima!

Jumatano nikaamua liwalo na liwe. Saa kumi na mbili na robo nipo kwenye kona ya mtaa wao, nimejifunga mtandio mpaka puani. Najiona jasusi, kumbe kila anayepita ananisalimia, "Mwalimu, kwema?"

Binti akatoka. Akatembea haraka, hakugeuka. Akafika mbele ya shule, akaingia kwenye kibanda cha fundi viatu.

Nikasema leo nimewakamata!

Nikavamia. "Mzee, huna haya?"

Fundi alikuwa anapanga viatu juu ya meza. Binti alikuwa amekaa kwenye benchi, kitabu cha hesabu magotini, uso umeelekea kwenye upenyo wa mbao unaotazama geti.

"Mwalimu, punguza sauti," fundi akasema. "Huyu mtoto kila siku ananikuta napanga. Anakaa hapo anasoma. Makamu wenu akiondoka getini, na yeye anaondoka."

Nikatazama saa. Kumi na mbili na nusu. Geti lilikuwa bado na kufuli.

Mchelewaji wangu sugu ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika, kila siku.

Nikakaa kwenye benchi. "Amekufanya nini makamu?"

"Hajanifanya kitu. Ni kule kumwamkia."

"Kumwamkia tu?"

Akafunga kitabu. "Mama aliona jina lake kwenye barua ya kunipokea shuleni. Akaniambia huyo ndiye baba yangu, aliondoka mimi sijazaliwa. Akasema nimwamkie vizuri, asije akadhani sikufunzwa adabu. Siku ya kwanza nikapita getini, nikasema polepole, 'Shikamoo, baba.'"

"Akasemaje?"

"Akaniinamia. Akasema, 'Mimi ni mwalimu wako. Ukirudia neno hilo utahama shule hii.'"

Fundi aligeukia ukuta.

"Sasa baba amenikataza," binti akaendelea. "Na kumwita mwalimu siwezi, ulimi unagoma. Basi nasubiri aondoke."

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Mafaili yako si anasaini yeye?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikamwomba radhi palepale. Nikamuuliza anataka nifanye nini, na safari hii sikuandika popote. Akasema nimwambie mama yake kwanza. Nikaenda jioni ileile.

Ijumaa tukaingia kwa mkuu. Makamu alikuwa na barua mkononi, hajui nani mwingine ameitwa. Mama wa binti akaingia na khanga yake safi, akamsalimia mkuu kwa heshima, akaketi.

"Nimesikia mwanangu anafukuzwa kwa kuchelewa," akasema. "Sikuja kubisha. Nimekuja kumsikia baba yake akilitamka mwenyewe."

Mkuu akatazama mlangoni. "Baba yake yupo wapi?"

Mama alimtazama makamu, na makamu akawa anaikunja ile barua, mara mbili, mara nne, mpaka ikawa kama kidonge.

Mkuu akanyoosha mkono juu ya meza. "Ufunguo wa geti," akasema.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu nikafungua mimi. Binti akapita wa kwanza, akaniamkia kwa sauti kubwa mpaka fundi akacheka ng'ambo ya barabara. Hajachelewa tena hata siku moja.

Hadithi hii ameniruhusu niitoe, bila jina la mtu.

Kwa nyie mnaoshauri watoto: mtoto akikunyamazia, kabla hujamfuata mitaani, fuata kwanza maneno yake yanaishia mezani kwa nani. Ya huyu niliyabeba mwenyewe kila Ijumaa, na nilibisha hodi kabla ya kuyakabidhi.