Vyungu Vitatu hadi Madrid

Karani wa tiketi za ndege pale Santo Domingo hulamba kidole, hupima ramani kwa shibiri, kisha huwahesabia akina mama safari kwa maharage. "Madrid ni vyungu vitatu, mama, kimoja baada ya kingine. Cha tatu kikiiva, mwanao katua."

Doña Casilda alibandika cha kwanza ndege ya bintiye ilipopaa. Cha tatu kiliiva, simu kimya. Akakimbia nacho hadi kwa karani. Karani alilamba kidole, akachukua punje moja, akaitafuna taratibu, macho kayafumba. "Ngumu. Bado yuko juu ya bahari. Kuni zako mbichi, mama, unamchelewesha mtoto!" Doña Casilda akarudi mbio kuchochea moto, ndege isije ikaishiwa mafuta.