Theluji ya Verona Yaingia Kibuli

Saa nne asubuhi, Saverio Ongom yuko juu ya ngazi, anafuta majani ya mti wa mwisho. Mkono wa kushoto umeshika kopo la rangi ya kijivu. Wa kulia unapeleka brashi taratibu, na kila inapopita, jani la manjano linageuka kuwa wingu. Akimaliza tawi anashuka, anarudi nyuma hadi mlangoni, anatazama, kisha anapanda tena.

Mti huo hauko Kampala. Uko kando ya mto, karibu na daraja la mawe, katika mji wa kale wa Verona nchini Italia. Mji wenyewe umechorwa kwenye pazia la kitambaa cha marekani linalofunika ukuta mzima wa studio ya picha ya Bi Hindu Maftah, kwenye mteremko wa Kibuli. Wateja huketi kwenye benchi mbele ya pazia hilo wakapigwa picha.

Ni Januari 1976. Ongom ana hadi kesho adhuhuri kuleta theluji.

Haraka hii ni ya mama yake. Joska Akidi amefika kutoka Kitgum kwa lori la pamba, na lori hilo linarudi kesho mchana. Amekuja kupigwa picha moja tu, ya kumpelekea mwanawe mdogo, Tarcisio, ambaye anasoma seminari huko Verona na hajarudi nyumbani kwa mwaka wa nne sasa. Safari ya kurudi si jambo jepesi siku hizi. Mama na mwana wanaonana kwa picha.

Tarcisio ametuma yake. Amesimama darajani, kola ya koti imeinuliwa hadi masikioni, na theluji imemfunika viatu.

Mama alipoingia studio juzi na kulikuta pazia limejaa majani ya manjano, alikataa kuketi. Kiswahili chake ni cha kambini. Alijifunza Jinja, mumewe alipokuwa askari wa Mwingereza, na hajawahi kuona sababu ya kukibadilisha.

"Mtoto iko kwa baridi," alisema. "Mimi nakaa kwa majani, nafanya nini? Hiyo si kutembelea mtu."

Ongom, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, alianza kushika brashi misheni, akimsaidia bruda mmoja Mtaliano kupaka kuta za kanisa. Bruda huyo alizaliwa Verona na alikuwa hachoki kuusimulia mji wake: mto uliopinda kama kiwiko, minara, uwanja wa mawe ulioachwa na watu wa zamani sana. Ongom alikuwa akisikiliza huku anakoroga chokaa.

"Alinieleza kwamba daraja lile lilivunjwa vitani," anasema. "Vita vilipokwisha, watu waliingia mtoni wakaokota mawe yaleyale, wakalijenga tena palepale. Mimi nikilichora, huwa nachora jiwe mojamoja. Sipendi kuyaruka."

Baadaye alikuja Kampala kuandika mabango ya maduka. Mwaka 1972 alipata kazi nyingi kuliko wakati wowote, kwa kuwa Wahindi waliondoka na maduka mengi yakabadilisha wenyewe kwa muda mfupi. Alifuta majina na kuandika mengine.

"Nilifuta majina ya watu walionipa chai," anasema. "Baada ya hapo nilitaka kuchora kitu ambacho hakuna atakayenituma kukifuta."

Bi Hindu, ambaye babu yake alipanda kutoka pwani na biashara ya nguo, alimwita amwandikie bango. Akamwuliza kama anaweza pia kumchorea bustani ya kupigia picha. Ongom akamchorea Verona.

Kitambaa cha marekani hakipatikani tena kwa urahisi, na pazia ni hilo moja. Kwa hiyo Ongom hachori mji mpya. Nyumba, daraja na minara havigusi. Tarcisio anapoandika kwamba majira yamegeuka, yeye hubadilisha anga, mto na miti. Mwezi wa nne huweka maua meupe na kuujaza mto hadi karibu na matao. Mwezi wa saba hushusha maji, huongeza vivuli, hufungua madirisha. Mwezi wa kumi hupaka manjano.

Picha zenyewe hutoka nyeusi na nyeupe. Bado yeye hupaka rangi zote.

"Mtu akiketi mbele ya rangi, uso wake unalegea," anaeleza. "Kamera inaona ule uso."

Wateja wamezoea. Jalia, muuza vitambaa wa hapo chini, amepigwa picha majira matatu, na huwaambia majirani kwamba ameshakwenda Verona mara tatu na hajaumwa miguu. Wapo wanaotoka Ntinda na Kamwokya siku za sikukuu, wakiuliza mlangoni kama maua yameshatoka.

Majira ya nne ndiyo yaliyoleta shida. Mwaka jana Ongom aliondoa majani yote, kama ndugu yake alivyoandika, akaiacha miti mitupu chini ya anga ya kijivu. Kampala miti haivui majani yote kwa pamoja. Watu waliingia, wakatazama, wakapunguza sauti. Mmoja aliuliza ni nani aliyeuchoma mji. Bibi harusi aligeukia mlangoni akatoka na wasimamizi wake wote, akisema hataanza ndoa mahali palipoungua.

"Wiki nzima nilipiga picha za paspoti tu," anakumbuka Bi Hindu. "Nikamwambia, fundi, baridi yenu imenifilisi. Kuanzia leo manjano yakiondoka, maua yaingie. Hapo katikati tupitie mlango wa nyuma."

Na ndivyo ilivyokuwa, hadi Mama Joska alipokataa kuketi.

 Bi Hindu akamwambia Ongom achore baridi yake, lakini safari hii isionekane msiba. Ongom alifikiri usiku kucha, anasema, na alipoitazama tena picha ya ndugu yake akaona kosa lake. Alikuwa ameondoa majani bila kuleta kile kinachokuja mahali pao. Alikuwa ameuvua mji nguo akauacha hivyo.

Rangi nyeupe haiko madukani. Ameitengeneza mwenyewe: chokaa iliyochujwa kwa kitambaa mara mbili, ikachanganywa na uji mwepesi wa unga wa muhogo ili ishike. Kwenye mapaa ameipaka nzito. Kwenye matawi, mstari mwembamba upande wa juu tu. Mto ameuacha mweusi, kwa kuwa Tarcisio aliandika kwamba theluji ikigusa maji hupotea.

Saa sita inakaribia mlango unapofunguliwa. Anaingia koplo mmoja, ambaye hakutaka jina lake liandikwe, ametoka lindo la usiku na koti zito la jeshi bado liko mwilini. Alikuwa ameweka miadi ya kupigwa picha ya kumpelekea mchumba, mbele ya mti wa manjano. Anautafuta mti kwa macho.

"Nani naharibu hii?" anauliza.

Ongom anashuka ngazi. Anaeleza kwa sauti ya chini kwamba ni yeye, afande, na kwamba majira yamegeuka.

Koplo anasema yeye hakuagiza majira. Aliona manjano, anataka manjano. Anaweza kungoja hapo hapo hadi yarudi. Anavuta kiti, anaketi, kofia juu ya goti.

Bi Hindu anaanza kufuta lenzi ambayo haina vumbi. Yakirudi manjano leo, hakuna theluji kesho, na lori halitangoja. Ongom anaitazama brashi yake, kisha anainama kutafuta kopo la manjano.

Mama Joska anainuka kwenye mkeka wake pembeni.

"Wewe mtoto ya kambi gani?" anamwuliza koplo.

Koplo anageuka. Labda ni Kiswahili kile, labda ni namna mama alivyosimama. Anajibu kwamba amezaliwa kambini Jinja.

"Mimi nakaa Jinja miaka kumi na moja. Nafua nguo ya bwana yangu kwa bomba moja na mama yenu." Anamwendea, anashika kola ya koti, anaiinua hadi masikioni mwa koplo, kama mtu anayemtayarisha mtoto kwa shule. "Koti hii unavaa na majani ya manjano, bibi yako atacheka. Watu ya huko navaa hii kwa baridi. Simama pale."

Koplo anasimama pale. Bi Hindu anamletea kioo. Kwa muda anajitazama, koti refu, kola juu, mapaa meupe nyuma yake. Anarekebisha bega.

"Mchumba atasema nimefika Ulaya," anasema hatimaye.

"Umefika," anasema Bi Hindu, na anapiga picha kabla hajabadili nia.

Akiondoka, koplo anauliza kama wenzake wawili wanaweza kuja Jumamosi. Wao pia wana makoti. Bi Hindu anasubiri hatua zake ziishe kwenye ngazi za nje ndipo anaketi.

"Fundi," anasema, "baridi yako ibaki hadi maua."

Ongom anarudi ngazini. Lakini mtu anayemtazama anaona kwamba amenyooka mgongo, na kwamba kila anaposhuka kutazama kazi yake anachukua muda mrefu zaidi kidogo.

Ndoto yake ni kusimama siku moja juu ya daraja lile, kugusa jiwe moja alilolichora, na kuona kama aliliweka mahali pake. Akikosa, anasema, Tarcisio ataligusa kwa niaba yake.

Jua linapoelekea kuzama, kila mtu anataka kufika kwake kabla ya giza. Ongom anapaka sehemu ya mwisho, sakafu ya daraja, pale chini kwenye pazia, mbele yake litakapokaa benchi. Weupe mtupu, bado mbichi.

Mama yake anasogea karibu, picha ya Tarcisio mkononi. Anataka kujua kwa nini hakuna nyayo. Mtoto aliandika kwamba theluji hutunza mguu wa aliyepita.

Ongom anamwambia chokaa haijakauka, akiigusa sasa itavurugika. Ataziweka kesho asubuhi, kabla ya picha. Anafunika kopo, anaosha brashi, anaining'iniza kwenye msumari.

"Basi kesho," anasema mama. Anainama, anapima kwa shubiri hewani, juu kidogo ya rangi mbichi, ukubwa wa mguu anaoujua. "Weka ya mtu mmoja. Na vidole viangalie huku, kwa benchi. Isiwe kama anakwenda."