Wimbo wa Msiba Uliogeuzwa Sifa

Chimène alizaliwa Wamaza, mashariki ya Kongo, katika nyumba ya walimaji wa mpunga na mihogo, na kabla hajajua kusoma alikuwa anajua kuimba matanga. Mama yake, Léontine, alikuwa mwanamke wa kuitwa. Mtu akifa ng'ambo ya mto, walikuja kumchukua ili aanzishe nyimbo za msiba kwa Kibangubangu, lugha yao ya nyumbani, naye alikwenda na Chimène mgongoni. Hakuwa na sauti tamu. Ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, na mwishoni mwa kila mstari aliishusha kana kwamba ameona haina faida kuendelea. Watu waliojizuia tangu asubuhi walianza kulia hapo hapo.

Gitaa alilipata kwa Raphaël. Mzee huyu alikuwa mshonaji, jirani yao, na zamani alipiga katika orkestra moja ya Kasongo. Vita viliivunja orkestra hiyo, akarudi Wamaza na gitaa lenye nyuzi nne tu za dukani. Mbili zilizobaki alizitengeneza kwa waya wa breki ya baiskeli. Chimène alipofika miaka kumi na nne alianza kukaa mlangoni pake kila alasiri, akitoka shambani. Siku moja Raphaël alisukuma cherehani pembeni.

"Ingia," alisema. "Kama unataka kuona vidole, huwezi kuviona ukiwa inje."

Alimfundisha miaka sita. Alimfundisha kupiga kwa gumba na kidole cha shahada tu, gumba likitembea chini bila haraka, kidole kikijibu juu. Alimwonyesha namna ya kupandisha sauti ya gitaa kwa penseli iliyofungwa shingoni mwa gitaa lenyewe kwa kipande cha mpira. Tena alikuwa na kaseti moja, aliyoachiwa na padri mgeni, ya mtu mweusi wa Amerika aliyeimba peke yake na gitaa lake. Raphaël aliuita muziki huo bluzi. Kiingereza hakukijua, wala Chimène hakukijua. Msichana alisikiliza upande wa kwanza mpaka ukaisha.

"Papa Raphaël, huyu mutu iko kwenye matanga."

Raphaël alicheka mpaka akakohoa. "Miaka makumi mbili niko nasikiliza hii kaseti," alisema, "na ile sikuiwaza."

Tangu siku hiyo Chimène alijua anachotaka kupiga: sauti ya mama yake juu ya gumba la Raphaël. Aliimba parokiani, aliimba arusini, aliimba siku za soko. Watu walimwita mutoto wa Raphaël, naye hakukataa, kwa sababu baba yake mwenyewe alikufa yeye akiwa mdogo mno kuikumbuka sura yake.

Mwaka 2019 kaka yake, Jean-Paul, alikwenda Salamabila kuchimba dhahabu. Alipata kazi katika shimo la mtu mmoja aitwaye Christophe. Mwenye shimo huko huitwa PDG, kama mkurugenzi wa kampuni, na Christophe alilipenda jina hilo. Mvua zilipokolea, miti ya kuzuia udongo ilikuwa imeoza, na wachimbaji wakakataa kushuka. Christophe akawaambia asiyetaka kushuka afunge virago. Watano walishuka, udongo ukaporomoka, watatu wakapanda. Jean-Paul hakuwamo kati ya hao watatu. Christophe hakuamuru wafukuliwe. Aliwahamishia watu wake shimo lingine wiki ileile.

Léontine, aliyekuwa amewalilia wafu wa kila nyumba, alishindwa kumwanzishia mwanawe wimbo. Hapakuwa na maiti ya kuzika. Alikaa kwenye mkeka siku saba. Siku ya nane Chimène alichukua gitaa, akaketi kando yake, akaimba maneno ambayo hakuwa ameyapanga: *Jean-Paul, nani alikuambia ushuke?* Aliuliza mara tatu. Mara ya nne mama yake akajibu, kwa Kibangubangu, na sauti ikashuka mwishoni kama zamani. Ndipo nyumba nzima ilipolia. Raphaël alikuwepo. Alipokea gitaa, akaendelea kupiga ili Chimène amshike mama yake, na machozi yalimtiririka hadi kwenye ndevu.

Wimbo huo ndio uliomtoa Chimène. Aliuimba Kabambare, kisha Kasongo, na huko akafahamiana na Asma, mwanamke Mwislamu aliyeongoza kundi la kasida kwenye maulidi na arusi. Asma alimpa chumba kwake na kumfundisha kutunza pumzi, ili neno la mwisho lisife kabla ya kufika kwa msikilizaji. Kila mahali Raphaël alifuatana naye na kukaa nyuma yake akipiga gitaa la pili. Chimène alikuwa akiwaambia watu, "Huyu ndiye baba yangu wa muziki," nao walipiga makofi kidogo, kisha wakamgeukia tena yeye.

Baadaye Raphaël alisema safari zimemchosha. Akabaki na cherehani yake.

Miezi mitatu ikapita. Asubuhi moja Chimène alikuwa anarudi kutoka Kabambare kwa pikipiki, akiendeshwa na kijana aitwaye Dady. Njiani waliwakuta wachimbaji waliosimama kuziba gurudumu, na nyuma ya pikipiki yao imefungwa spika kubwa. Chimène alilisikia gumba kwanza. Kisha akasikia sauti ya Raphaël, kwa ule mtindo wake wa matanga, lakini ngoma zikiwa zimeongezwa chini yake:

*Christophe aliniambia nishuke, nikapanda na dhahabu.*

Vijana wale waliitikia huku wanafunga boliti.

"Hii iko wimbo gani?" aliuliza.

"Huijui?" Dady alishangaa. "Iko wimbo ya PDG. Salamabila yote inaicheza. Alifanya sikukuu, muzee moja wa Wamaza akapiga."

Walipofika Wamaza alimwelekeza Dady mlangoni kwa Raphaël. Hakupitia nyumbani. Raphaël alikuwa anashona kola ya shati, na alipomwona mlangoni mguu wake ulisimama kwenye pedeli.

"Uliimba jina la Christophe juu ya ndugu yangu," Chimène alisema.

Raphaël hakukana. "Watu wake walinichukua nikashone nguo za sikukuu. Wakaona gitaa. Wakaniuliza kama niko na wimbo."

"Uko nazo makumi ine."

"Walitaka ile. Walikuwa wameisikia watu wakiiimba, hawakujua iko ya nani."

"Na wewe?"

"Mimi nilijua."

Alitoa uzi kwenye sindano, akaurudisha, ukakataa kuingia. "Chimène, lile gumba iko yangu. Nililipiga mbele hujazaliwa. Lakini tukienda Kasongo, watu wanaita wewe, mimi wananiletea kiti. Salamabila waliita jina langu. Uwanja muzima, mwanangu. Raphaël, Raphaël. Hata siku za orkestra hawakuniita vile."

"Usiniite mwanangu. Ulikula na mama yangu siku zote za msiba."

Chimène alitoka. Alimweleza mama yake neno kwa neno, na Léontine akasema tu kwamba wimbo wa kweli ungeshinda, auimbe kwa nguvu zaidi.

Mwezi uliofuata Chimène aliimba katika ukumbi mmoja wa Kasongo. Léontine alikuja, kwa mara ya kwanza, akakaa safu ya mbele kati ya Asma na wanawake wa kasida. Chimène alipouliza, *Nani alikuambia ushuke?*, vijana wa nyuma waliruka juu kwa furaha wakajibu kwa sauti moja: "Christophe!" Hawakuwa na ubaya. Walidhani anawapa wimbo wanaoupenda. Alijaribu tena, nao wakajibu tena, mmoja akapiga filimbi. Aliuondoa mkono kwenye nyuzi. Léontine akapanda jukwaani na kitenge chake cha msiba, akamshika mkono mbele ya watu wote, akamtoa.

"Usiiimbe tena," alimwambia uani. "Imeisha kuwa yake."

Chimène alikaa kwa Asma bila kugusa gitaa mpaka mvua zikakatika. Uchungu wake haukuwa kwa Christophe. Kwa Christophe hakuwahi kutegemea jambo jema. Aliporudi kwenye nyuzi, kila mahali alipoweka gumba alikuta mkono wa Raphaël umeshatangulia, na hakuwa na mkono mwingine. Akapiga hivyo hivyo. Asma na wenzake wakaanza kumwitikia kwa dufu, na taratibu zikapatikana nyimbo sita mpya, kati yake moja ya wanawake wanaobeba mchanga wa dhahabu, moja ya barabara, moja ya mume wa Asma aliyekwenda na hakurudi.

Mwaka 2023 waliitwa Kindu. Walipokewa vizuri sana, na kesho yake mtangazaji wa redio, Carine, akamkaribisha studioni.

"Ile namna yako ya kupiga," Carine aliuliza, "nani alikufundisha?"

Chimène aliangalia kipaza sauti. "Nilijifunza mwenyewe," alisema.

Alipofika Wamaza alimkuta mama yake anachambua mchele.

"Umesema uongo kwenye redio," Léontine alisema bila kuinua kichwa.

"Ndiyo, mama. Mzee alisikia?"

"Alikuwa na redio yake mezani. Tangu ile siku hajafungua mlango wa kazi."

Chimène aliketi kumsaidia, akingoja furaha imjie. Mchele uliisha kuchambuliwa na furaha haikuja. Hata hivyo hakuinuka kwenda kwa mzee.